Kufuli Lililoandaliwa Mara Mbili

Rahabu aliporudi kutoka masomoni Ulaya mwaka 1971, watu wa kijijini kwao, bondeni chini ya Mlalo, walimjia na maswali ya kila namna. Wengine walitaka kujua kama baridi ya huko inaizidi ya mlimani Magamba, wengine kama Wazungu nao wanashika jembe. Baba yake, mzee Rubeni, aliwangoja wageni wote waondoke, akasogeza kigoda karibu na moto, akauliza jambo moja tu.

"Hiyo mashine yenu inajua Kiswahili?"

"Haijui lugha ya mtu yeyote, Tate," akajibu Rahabu, akimwita baba yake kwa Kishambaa kama alivyomwita tangu utotoni. "Inajua namba. Sisi ndio tunaoigeuzia maneno yawe namba."

Rubeni alicheka, akampigia mkewe Efrazia kelele aje asikie. Tangu siku hiyo hakupita mtu njiani asiyeambiwa kwamba binti yake anaongea na mashine kwa namba, na mashine inamtii.

Alikuwa mkulima wa viazi na kabichi, mtu mrefu mwenye sauti ya besi ambayo kwaya ya kanisani iliitegemea kuliko kinanda. Alisoma madarasa manne tu ya misheni. Mwalimu alipomwambia kwamba binti yake ana kichwa cha hesabu, alilibeba sanduku la Rahabu kichwani kutoka Mlalo hadi Lushoto ili awahi kuripoti shuleni, na mvua ikawanyea njia nzima. Mwaka wa Uhuru, Rahabu akiwa na miaka kumi na mitatu, Rubeni alimwambia kwamba sasa kazi za maofisini zinataka watoto wa hapa hapa. Alilisema hilo kama mtu anayetoa maagizo, na Rahabu akalishika hivyo.

Idara moja ya serikali mjini Dar es Salaam ilimwajiri. Kompyuta yenyewe ilikuwa na ukubwa wa jiko la shule, ikilala kwenye chumba chenye baridi ya kutengenezwa. Rahabu alikuwa mwanamke pekee kati ya waandishi sita wa programu.

Mwaka 1973 Rubeni alianza kukohoa. Alisema ni moshi, akasema ni umande wa shambani, mpaka Efrazia alipoona damu kwenye kitambaa. Hospitalini wakamwambia ni kifua kikuu, na kwamba dawa yake ni ya mwaka mmoja na nusu bila kukatisha hata wiki. Sindano na vidonge vingeletwa kwenye zahanati ya kijiji, na angevipata pale kwa mganga Shabani. Alianza. Baada ya miezi michache mashavu yalirudi, na Krismasi ya mwaka huo akasimama tena kwenye mstari wa nyuma wa kwaya, ingawa alikaa chini kila ubeti ulipokuwa mrefu.

Ilitokea kwamba idara ya Rahabu ndiyo iliyopewa kazi ya orodha za wagonjwa hao. Majina yalikuwa maelfu, kutoka wilaya nyingi, na kila baada ya miezi sita mashine ilitakiwa kuchapa orodha ya kila zahanati. Dawa zilifungwa kwa kufuata orodha hiyo. Za milimani zilitumwa za nusu mwaka kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mvua zikishaanza barabara haziaminiki. Rahabu aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Aliandika programu mbili. Moja ilisoma daftari la majina na kuchapa orodha. Nyingine iliandika ndani ya daftari hilo hilo: iliingiza wagonjwa wapya na kuwasogeza wa zamani ili majina yakae kwa mpangilio. Mashine iliweza kuziendesha zote mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo palipotaka akili.

Alipokuja likizo Januari 1974, baba yake alitaka aelezwe kazi hiyo yote. Walikuwa wakichambua maharage barazani.

"Fikiria kile kitabu cha nyimbo cha kwaya, Tate. Kipo kimoja, kiko mezani. Mkikisoma watu kumi kwa pamoja, mnaharibiana?"

"Hata kidogo. Ndivyo tunavyofanya."

"Na mwalimu wa kwaya akitaka kusahihisha ubeti?"

"Tunampisha. Afute, aandike, akimaliza tunarudi."

"Na akifika na kalamu yake wakati mnasoma?"

"Atangoja msomaji wa mwisho aondoke."

"Basi ndani ya mashine tunaweka kufuli la namna hiyo. Wasomaji waingie wengi wapendavyo, mwandishi aingie peke yake. Kufuli lenyewe ni namba mbili tu. Moja inasema wasomaji wangapi wamo, ya pili inasema kama mwandishi yumo. Kila anayetaka kuingia anazitazama kwanza."

Rubeni alitupa harage bovu, akafikiri. "Na asubuhi, kabla hajaingia mtu, hizo namba zinasemaje?"

"Zinasema chochote kilichobaki pale kutoka kazi ya jana. Kwa hiyo lazima programu moja iandike sifuri mbili kwanza, ndipo zote zianze. Tunaita kuliandaa kufuli."

"Ipi sasa?"

"Inayotangulia. Siku zote ni ile ya kuchapa orodha."

Mzee akaridhika. Rahabu naye alikuwa ameridhika. Alikwisha kuijaribu kazi hiyo mara ishirini, na mara zote ishirini alianza na programu ya kuchapa.

Septemba mwaka huo kadi za wagonjwa wapya zilichelewa kufika kutoka mikoani. Fundi wa zamu, aliyekuwa na kazi nyingine zikimngoja, aliona heri aanzishe programu ya kuandika kwanza, kisha ile ya kuchapa. Hakuna karatasi iliyomkataza. Programu ya kuandika ikalikuta kufuli likiwa na sifuri zilizosalia tangu lilipoandaliwa mara ya mwisho, ikaweka alama kwamba mwandishi yumo, ikaanza kuyasogeza majina. Dakika chache baadaye ya kuchapa ikaamka, na kazi yake ya kwanza, kama ilivyoagizwa na Rahabu, ilikuwa kuliandaa kufuli. Ikaandika sifuri mbili. Alama ya mwandishi ikafutika ilhali mwandishi mwenyewe bado yumo ndani. Msomaji akatazama, akaona hakuna mtu, akaingia. Majina yaliyokuwa yakisogezwa saa ile ile yalimpita, naye hakuyaona. Orodha ikachapwa, karatasi zikakunjwa vizuri, zikapelekwa. Rahabu alizitazama juu juu akaziona safi.

Oktoba, Rubeni alikwenda zahanati siku yake ya sindano. Shabani alishuka na kidole kwenye karatasi, akapanda tena, akashuka.

"Mzee Rubeni, jina lako halipo."

"Halipo vipi?"

"Halipo. Na dawa zimekuja kwa hesabu ya waliomo. Nikikupa wewe, nitamkatia mwingine." Shabani alikuwa akimheshimu mzee huyo, akaona aibu. "Nitaandika barua wilayani leo hii."

Aliandika kweli. Jibu lilikuja baada ya mwezi mzima, mistari miwili: orodha ya mashine ndiyo orodha halali. Shabani alikwenda nalo hadi nyumbani kwa Rubeni, akamsomea. Alitegemea mzee atakasirika. Rubeni alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, jembe mkononi.

"Hiyo mashine ni ya mwanangu," akasema. "Haikosei. Kama imeniondoa, basi imeona nimepona."

"Mzee, ulibakiwa na miezi kadhaa."

"Wewe unahesabu kwa vidole, Shabani. Yenyewe inahesabu maelfu. Mimi nimeacha kukohoa. Wataka nini tena?"

Efrazia alitaka aandikiwe Rahabu barua. Rubeni akakataa. Alisema binti atadhani baba yake anaomba upendeleo serikalini, na siku zile za Ujamaa hakuna neno alilolichukia kuliko hilo. Efrazia hakujua kuandika.

Desemba kikohozi kilirudi. Hata hivyo alikwenda shamba la kijiji kila siku ya zamu, akakaa kwenye tuta akichambua mbegu kwa sababu hakuweza kulima. Januari hakwenda tena. Efrazia alipomwomba barua hiyo kwa mara ya mwisho, akamjibu kwa sauti ambayo haikuwa besi wala kitu kingine, kwamba mvua ikipungua watamwita Rahabu aje awasalimie, basi. Februari 1975, asubuhi ya Jumapili, damu ilimtoka kinywani kwa wingi, na kabla kengele ya pili ya ibada haijapigwa alikuwa amekata roho.

Simu ya maandishi ilimfikia Rahabu Jumatatu mchana. Barabara ya kupanda kutoka Mombo ilikuwa imekatika mahali pawili, na alipofika nyumbani siku ya Jumatano kaburi lilikuwa limekwisha kujengewa mawe pembeni. Alilia mpaka wanawake waliokuwa wamekaa matanga wakamkalisha chini kwa nguvu. Jioni yake, akiwa anatoa vyombo, alimsikia shangazi mmoja akisema kwa masikitiko kwamba angalau kaka yao alikufa akijua serikali ilikwisha kumpa ruhusa ya kuacha dawa.

Rahabu aliweka vyombo chini. "Ruhusa gani, shangazi?"

Kesho yake asubuhi alikuwa zahanati kabla hapajafunguliwa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa. Naomba kuiona orodha."

Shabani alimpa. Rahabu alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaifungua karatasi magotini. Mwanzoni aliona kama kila mtu: majina, namba, vijiji. Kisha akaanza kuzifuata namba za wagonjwa kwa utaratibu wake, na akaona zimeruka. Kumi na moja hazikuwepo. Mstari uliofuata baada ya pengo ulikuwa na jina la mtu mmoja na kijiji cha mtu mwingine, vimeungwa kama kitambaa kilichoshonwa na mtu aliyefumba macho. Hakuna hitilafu ya umeme inayoacha alama ya namna hiyo. Mtu alikuwa akisoma wakati mwenzake anaandika.

Aliurudisha mstari ule wa programu kichwani, ule wa sifuri mbili, na mahali alipouweka. Akauliza karatasi ilichapwa lini. Tarehe ilikuwa pale juu. Alikumbuka kadi zilizochelewa. Shabani alimletea kikombe cha maji.

"Daktari," akasema Rahabu, "baba yangu hakuondolewa na mtu. Ni kosa langu. Nililiandika mimi, kwa mkono wangu."

Shabani alibaki na kikombe mkononi. Baadaye aliwahi kusema kwamba katika miaka yote ya kazi yake hakupata kusikia mtu wa ofisini akitamka maneno hayo. Siku ile alisema tu, "Waliobaki hai ni wangapi?"

"Sijui. Chukua orodha ya zamani, tukawatafute."

Lakini kwanza ilimpasa amwambie mama yake. Alimkuta amekaa kwenye mkeka, ameelekeza uso ukutani, akamweleza kwa Kishambaa, polepole, bila kufupisha. Efrazia hakugeuka.

"Alikusifu mpaka Jumamosi," akasema hatimaye. "Alishindwa kumeza uji, bado anakusifu. Usiwaambie watu, Rahabu. Yeye ameondoka akiamini, nami kimenibakia hicho tu."

"Mama, wako wengine kumi. Nisiposema, watakatazwa dawa hadi Aprili."

"Waambie karatasi ilikosewa. Usiseme ni wewe."

Rahabu alipiga magoti pale kando yake. Kisha akainuka akatoka. Aliahidi moyoni kwamba atasema karatasi ilikosewa. Katika nyumba mbili za kwanza alisema hivyo hivyo, na watu wakamshukuru kwa kuja. Shukrani hizo zilimchoma. Nyumba ya tatu ilikuwa ya marehemu Ramadhani, mchuuzi wa mboga wa bonde la pili, aliyefariki Januari. Mjane wake Zuhura alikuwa ndani, kwenye eda. Shabani alibaki uani, Rahabu akaingia peke yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu."

Zuhura alimsikiliza, kisha akauliza, "Na huyo aliyekosea, yuko wapi?"

Rahabu hakuweza tena. "Ni mimi, dada. Nimefiwa na baba yangu kwa kosa hilo hilo, lakini sikuja kwako kama mfiwa mwenzako. Nimekuja kwa sababu ni mimi."

Zuhura hakupaza sauti. Alivuta kanga akajifunika uso, na kutoka chini ya kanga akasema, "Mume wangu alikuwa akienda kila wiki kuuliza. Kila wiki. Akirudi ananiambia labda ijayo. Nenda, mwanamke. Sina la kukuambia leo."

Baada ya hapo Rahabu aliisema kweli katika kila nyumba, na ilipofika Jumapili kijiji kizima kilijua. Tisa walipatikana wakiwa hai. Shabani aliwagawia dawa kidogo alizokuwa nazo, safari hii bila kungoja barua ya mtu. Efrazia alipewa habari na jirani kisimani. Alirudi na ndoo yake, akaitua, akaingia chumbani, na Rahabu alipokwenda kumuaga siku ya kuondoka hakufungua mlango.

Mjini, mkuu wa idara, Ndugu Abdallah, alimsikiliza kwa huruma. Alikuwa mtu mwema anayeogopa wakubwa wake.

"Ndugu Rahabu, fundi ndiye aliyebadilisha utaratibu. Tukiandika hivyo, jambo litaisha."

"Fundi hakuambiwa kuna utaratibu. Kama kufuli zima linaharibika kwa kubadili nani atangulie, basi ni kufuli bovu. Lilitakiwa liandaliwe mara moja, na programu ya tatu inayozianzisha zote mbili, kabla yoyote haijaamka. Mimi nikampa mmoja wa walioingia ndani kazi ya kuliandaa. Akiingia wa pili, anamfutia mwenzake."

"Unajua ukiliandika hilo kwa jina lako itakuwaje?"

"Najua."

Aliandika kurasa tatu, akatia sahihi. Fundi hakufukuzwa. Kisha alikaa wiki mbili akirekebisha programu, akizianzisha kwa kila mpangilio alioweza kuuwaza, akiwasimamisha wasomaji katikati na waandishi katikati, mpaka akaridhika. Orodha mpya ilipochapwa, namba hazikuruka hata moja. Na pale kwenye ukurasa wa zahanati ya kwao, kwa herufi kubwa za mashine, lilikuwepo jina la Rubeni. Daftari lenyewe halikupata kuharibika. Miezi yote ile aliyokaa bila dawa, ndani ya mashine alikuwa mgonjwa halali wa kupewa dawa.

Ilibidi itobolewe kadi ya matundu ya kuiambia mashine imwondoe. Msichana wa kutoboa kadi alijitolea. Rahabu alikataa, akakaa kwenye kiti chake, akaitoboa mwenyewe, ya baba yake na ya Ramadhani.

Hakumaliza mwaka pale. Waraka wake ulimfanya awe mtu ambaye kila mmoja anampisha kwenye korido. Aliomba uhamisho wa ualimu, akapangiwa kufundisha hesabu shule ya msingi huko huko kwao. Waliomjua Dar es Salaam waliona amejizika. Yeye alisema anataka kuwa mahali ambapo akikosea ataambiwa siku hiyo hiyo.

Efrazia alimpokea kwa sababu ni mwanawe, akampikia bada, ugali wa muhogo, na kumwekea maji ya kuoga, na kwa mwaka mzima hakumtajia baba yake. Wakilima pamoja, kila mmoja alishika mtaro wake. Kanisani walikaa benchi moja. Sauti ya nne ya kwaya, ile besi ya Rubeni, ilishikwa na kijana kutoka Kwai ambaye hakuifikia chini ya kutosha, na kila aliposhindwa, Efrazia aliinamisha kichwa.

Shabani alimwomba Rahabu awe anamsaidia siku za Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kushika orodha na kumtafuta kila aliyetajwa, na kila aliyekaa kwenye benchi bila kutajwa amwulize jina. Zuhura alipotoka eda alikuja mara kwa mara, kwani naye aligunduliwa anakohoa. Alimwita Rahabu "mwalimu", akapokea vidonge mkononi mwake, akaondoka. Hakupata kumsamehe kwa maneno, wala Rahabu hakumwomba. Zuhura alimaliza dawa zake zote na akapona.

Mwaka 1977, wakati wa mavuno ya maharage, alikuja mgeni kutoka wilayani kukusanya habari za maendeleo ya kijiji. Alipoambiwa kwamba mwalimu huyu aliwahi kuendesha kompyuta, alishangaa, akamwuliza Efrazia kwa nini mtu mwenye elimu hiyo amerudi kuchafuka vumbi la chaki.

Rahabu alikuwa nyuma ya nyumba akianika maharage, akalisikia swali hilo.

"Aliandika jambo vibaya, baba yake akafa," Efrazia akasema. "Mimi nilimwambia afiche. Hakuficha."

Mgeni alifunga daftari lake, akaaga. Rahabu alingoja mama yake aseme neno jingine. Alimsikia akiufunga mlango wa mbele, akikohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la maganda, kisha akilia, kilio cha chini kwa chini ambacho hakupata kukilia hata siku ya matanga. Rahabu alikwenda akakaa kando yake kwenye mkeka. Efrazia hakumshika mkono, lakini hakusogea.